Fundi Aliyetaka Dizeli Iruke

Miaka ile ya Mwingereza, msafiri aliyekuja Bukoba kwa meli aliisikia injini ya kiwanda chetu kabla hajampata mtu wa kumsalimu. Du-du-du-du tangu asubuhi mpaka jioni, kiwanda kikikoboa kahawa ya vijiji chungu nzima, na moshi wake ukikimbilia ziwani. Aliyeishika injini hiyo tulimwita Fundi. Mafundi mjini walikuwa wengi, wa cherehani, wa baiskeli, wa saa, lakini ukisema "Fundi" bila nyongeza, hata mtoto wa mtaa wa Kashai alijua unamsema nani.

Mimi nilikuwa karani wa mizani, hatua thelathini kutoka chumba chake cha injini. Tulifanya kazi jirani miaka kumi na moja, na kama kuna mtu aliyeweza kunikera na kunifurahisha siku moja hiyo hiyo, ni mzee yule. Mimi Mwislamu wa mjini, babu yangu alifika huku kutoka pwani na misafara. Yeye Mhaya, Mluteri wa kijiji cha Buganguzi, mzee wa kanisa. Alipenda kusema kwamba sisi wa asili ya pwani tuna maneno mengi kuliko mzigo. Nami nilimjibu kwamba Wahaya wamesoma mpaka wanamsahihisha Mungu. Basi tunacheka, kila mmoja anarudi kwenye kazi yake.

Nianze na masikio yake. Fundi hakuitazama injini, aliisikiliza. Alikuwa na bisibisi ndefu, ncha anaigusisha kwenye chuma, mpini anaubana sikioni, kisha anafumba macho. Mara moja tulikuwa tumesimama barabarani, likapita lori limejaa ndizi, wala halikusimama. Fundi akaguna. "Silinda ya tatu imelala. Hafiki Muleba huyo." Mimi nikamwambia aache kuwaombea watu mabaya. Kesho yake dereva wa basi akatuambia kuna lori limelala njiani kabla ya Muleba na ndizi zinaiva juu yake. Fundi hakusema "nilikwambia." Alinitazama tu. Bora angesema!

Pili, usafi. Alivaa shati jeupe kazini, na jioni lilikuwa bado jeupe. Vijana wa kiwanda walisema ana dawa. Dawa hakuwa nayo. Alikuwa na matambara manane, kila moja na kazi yake, na ole wako ulichukue la kufutia pampu ukafutie mkono. Hapo mzee wa kanisa alikuwa anasahau kanisa, na matusi ya Kihaya aliyoyatoa sikuthubutu kuuliza maana yake.

Halafu kuna uoga wake. Fundi aliogopa kupanda juu. Mabati ya ghala yakivuja, alisimama chini anaelekeza kwa kidole huku amekunja uso kama anameza shubiri. Ngazi ya tatu tu, anashuka. Na huyu ndiye mtu aliyeshinda mchana kutwa akinieleza jinsi ndege inavyopaswa kuruka.

Maana hiyo ndiyo ilikuwa habari yake kubwa: ndege ndogo iendeshwe kwa dizeli. Wakati wa vita alifanya kazi katika karakana ya jeshi kule Kenya, pamoja na mateka mmoja wa Kitaliano aliyekuwa fundi wa ndege. Mtaliano yule alimwambia Wajerumani waliwahi kuvuka bahari na barua, kwa ndege isiyotumia petroli hata tone. Mimi nilidhani Mtaliano anapiga chuku, mfungwa anatafuta sigara. Fundi aliamini. Alinichorea chini kwa mkaa, huku wakulima wamepanga foleni na magunia yao wakitusubiri.

"Petroli inataka cheche, Karani. Cheche ikipata maji, umekwisha. Dizeli haitaki cheche. Unaibana hewa mpaka inapata moto yenyewe, unaitilia mafuta, inawaka. Na inakula kidogo. Na ukiangusha kiberiti karibu nayo, haikurukii usoni."

"Na uzito, Fundi? Injini ya dizeli si chuma kitupu?"

"Uzito unapunguzwa," alisema. Kila mara jibu lilikuwa hilo.

Leo nasikia ndege ndogo za namna hiyo zipo, huko Ulaya, na watu wanaziendesha bila ajabu yoyote. Wakati ule nilimwona mzee wangu amepatwa na kichaa cha upole.

Lakini nilijua kichaa hicho kilitoka wapi, na ndiyo maana sikumcheka mbele ya watu. Pale uwanja wa ndege, pembeni mwa ziwa, palikuwa na ndege moja ya binafsi, mali ya Mzungu aliyekuwa na machimbo ya bati upande wa Karagwe. Tulimwita Bwana Ndege. Alikuwa mtu wa mzaha, Kiswahili chake cha kuamuru na kuchekesha, na hakuwa na roho mbaya. Mgonjwa akizidiwa, alimbeba bure. Ila petroli ya ndege yake ilikuja kwa mapipa kwenye meli, na meli ilikuja ilipotaka.

Mke wa Fundi alishikwa na uchungu, mtoto amelala vibaya tumboni. Mganga wa upasuaji wiki ile alikuwa Mwanza. Meli ilikuwa imeondoka jana yake. Fundi alikwenda kwa Bwana Ndege mbio, na shati lake jeupe, na Bwana Ndege hakusita, akavaa viatu akatoka. Tangi lilikuwa kavu. Pipa la mwisho lilikwisha juzi yake, mapya yalikuwa yanasubiri meli. Siku mbili mama yule alilala akiisikia injini ya mume wake inaunguruma pale kiwandani, kwa dizeli iliyojaa mapipa kumi na mawili ukutani. Siku ya tatu akafariki, na mtoto pamoja naye.

Hayo yalitokea mwaka wa pili wa urafiki wetu. Baada ya matanga Fundi alirudi kazini, akashika bisibisi yake, na neno la kwanza aliloniambia lilikuwa, "Mapipa kumi na mawili, Karani." Nililia mimi, yeye hakulia. Alichotaka tangu siku ile ni kitu kimoja tu hapa duniani: ndege ya pale uwanjani isilale tena chini kwa kungoja mafuta huku mtu anakufa. Ukimwelewa hapo, umemwelewa yote.

Bwana Ndege naye alikuwa na deni la moyo, naona, kwa kuwa alimvumilia sana. Fundi alikwenda kwake kila mwisho wa mwezi na daftari la michoro. Siku moja walinikuta wote wawili pale mizani, na Bwana Ndege, nusu kwa mzaha, nusu kwa kuchoka, akasema: "Sikia, Fundi. Pua ya ndege yangu inabeba ratili mia nne, basi. Wewe leta injini ya dizeli ya ratili mia nne, yenye nguvu ya kutosha, mimi nitaifunga na nitaruka nayo."

Mwingine angesikia mzaha. Fundi alivua kofia, akasema, "Ahsante, Bwana," na mimi nikajua tumekwisha.

Alinunua injini ya lori bovu lililokufa njia ya Biharamulo, akaipeleka nyumbani kwake Buganguzi, akaifanyia kazi miaka mitatu. Kila Jumamosi mchana alipanda basi, akashuka Muleba, akatembea. Alichokuwa anafanya ni kupunguza. Chuma alichoweza kukitoboa alikitoboa, alichoweza kukichonga alikichonga. Lile bakuli kubwa la chini linaloshika mafuta, la chuma zito, alilitupa, akayeyusha masufuria akasubu jipya kwenye kalibu ya udongo. La kwanza lilipasuka. La pili likavuja. Kwa la tatu masufuria ya dada yake aliyemtunzia nyumba yalikuwa yamekwisha, akaanza kuwatazama majirani. Pale kijijini wanawake walikuwa wakimwona anateremka njia ya Muleba na mfuko wake, wanaitana kwenye migomba: "Fundi huyo! Ficheni masufuria!"

Dada yake alinisimulia hayo kwa hasira, kisha mwenyewe akacheka mpaka akashika kiuno. "Waitu, jamani, nyumba hii tunapikia vyungu kama enzi za bibi, kwa sababu ya ndege!"

Mimi nilikwenda mara mbili tatu kumwona. Nilimkuta amekaa kwenye kigoda, injini mbele yake imevuliwa, anasugua kipande kimoja kwa tupa, taratibu, chembe za chuma zinamwagika kwenye gazeti alilolitandika. Alilikunja gazeti lenye ule unga wa chuma akalipima mkononi. "Huu nao umetoka," alisema, na alifurahi kweli kweli. Nilirudi mjini na huzuni ambayo sikuijua ni ya nini. Sasa naijua. Nilikuwa nampenda, na nilikuwa naona hafiki.

Niseme kidogo kazi yangu, maana bila hiyo mambo yaliyofuata hayaeleweki. Mizani ya kiwanda ilikuwa ya jukwaa, na wenzo wenye namba uliielekea meza yangu. Mkulima aliona mgongo wake tu. Gunia likipanda, mimi nasogeza kile chuma kidogo mpaka wenzo utulie, nasoma kimya, nakata ratili mbili za gunia lenyewe, nakata na nyingine kama buni ina unyevu, kisha natamka kwa sauti kilichobaki. Uzito kamili hautamkwi. Kinachotamkwa ndicho uzito, na ndivyo ilivyokuwa desturi kabla yangu. Wakulima walinung'unika kila siku, na Fundi ndiye aliyenitetea. "Karani akitamka, ametamka," aliwaambia, nao wakanyamaza, kwa kuwa ni yeye.

Basi Jumamosi moja mchana, kiwanda kimefungwa, lori lililokuwa linarudi tupu kutoka Muleba likamleta Fundi na injini yake. Bwana Ndege alikuwa amepewa habari, akaja, akaegemea nguzo na kiko chake. Watu wanne wakaishusha. Alikuwa ameifunga shuka safi! Akaifunua. Nikwambie, ilikuwa nzuri. Imetobolewa pote kwa mpango, imeng'aa, na lile bakuli la masufuria chini yake jeupe kama fedha. Bwana Ndege aliacha mzaha, akaizunguka.

"Haya, Karani," alisema Fundi. "Fanya kazi yako."

Wakaipandisha. Nikasogeza chuma. Mia nne, wenzo haukushtuka. Mia nne na hamsini. Mia tano. Wenzo ukatulia kwenye mia tano na thelathini. Nilisoma mara mbili. Nilinyanyua macho nikamwona amesimama na kofia mkononi kama mtu anayesubiri kubatizwa, shati jeupe, jasho linamtiririka shingoni. Miaka mitatu. Mama yule ndani ya nyumba siku mbili. Nikajiambia, kila kinachopita hapa kinakatwa, hata kahawa ya maskini tunaikata, iweje tusimkatie huyu? Wallahi ndivyo nilivyofikiri. Mazoea ya mizani yalikuwa yameingia kwenye akili yangu mpaka nikaona kukata ni huruma.

Nikatamka kwa sauti: "Mia tatu tisini na sita."

Sikusema mia nne kamili, ili uongo ufanane na kweli. Bwana Ndege alitoa kiko mdomoni. "Hapana!" alisema. Halafu akacheka, akampiga Fundi begani. "Umeweza! Jumatatu tunaifunga. Ikivuta vizuri pale chini, naipandisha mwenyewe."

Nilimtazama Fundi. Uso wake ulifunguka. Katika miaka yote sijawahi kuuona uso ule, ulikuwa wa kijana. Ulikaa hivyo kwa muda wa pumzi moja, kisha ukajifunga polepole. Akavaa kofia.

"Karani," alisema, "umekata gunia?"

"Fundi..."

"Injini haina gunia. Haina unyevu. Tamka uzito kamili."

"Fundi, nimekwisha kutamka."

"Rudia."

Nilitamani ardhi inimeze. Nikasoma tena: mia tano na thelathini. Bwana Ndege alinitazama mimi, akamtazama yeye. Aligonga kiko kwenye nguzo, akasema, "Pole sana, Fundi," akaenda zake. Fundi aliifunika injini kwa shuka, akaichomeka pembeni vizuri, akaomba watu wairudishe kwenye lori. Kwangu hakugeuka.

Miezi minane hakuniamkia. Anapita hatua mbili kutoka mezani pangu, anatazama mbele. Vijana walijua, mji wote ulijua. Wakulima nao, ambao zamani aliwanyamazisha kwa ajili yangu, wakapata la kusema. Nilistahili. Niliacha ile desturi ya kusoma kimya, nikaanza kutamka uzito kamili kwanza na kukata baadaye, mbele ya mwenye mzigo, na msimamizi akaniona mpumbavu. Kisha Fundi akastaafu, akarudi Buganguzi bila kuniaga. Injini ile, nilisikia, aliifunga kwenye mashine ya kusaga muhogo. Habari za ndege hakuzitaja tena kwa mtu. Bwana Ndege naye aliuza machimbo akaenda kwao.

Miaka ya mwisho kabla ya Uhuru nilitumwa Muleba kwa kazi ya kiwanda, na basi la kurudi lilikuwa kesho yake. Nikasema potelea mbali, akinifukuza anifukuze. Nikatembea mpaka Buganguzi. Dada yake alikuwa anapalilia migomba karibu na nyumba, akaninyooshea jembe kunielekeza barazani. "Sema kwa nguvu," alisema. "Masikio yamekwisha. Injini zimeyala."

Fundi alikuwa amekonda, shati bado jeupe. Alinitambua mara moja. Hakufukuza mtu. Alinipa kiti, akanipa kahawa ya kutafuna kama anavyopewa mgeni yeyote kwa Wahaya, tukatafuna. Kisha akaanza kusema, na kwa kuwa hakujisikia mwenyewe, alisema kwa sauti ya kuita mtu wa ng'ambo ya bonde.

"KARANI! NILIKUWA NAJUA!"

"Unajua nini, Fundi?"

"Nilikuwa naipima hapa nyumbani, kipande kwa kipande, kwa mizani ya duka! Niliijua kabla sijaileta! Mia tano na kitu!"

Nilishangaa. Nikamuuliza kwa kupiga kelele, kwa nini basi uliileta?

Alinisikia nusu, akajibu swali lake mwenyewe. "Niliileta kwa sababu mizani ni yako! Nilijua unanipenda! Unaona? Sikukwambia ukate. Nilikuja tu nikasimama. Na ulipokata, nilifurahi! Mama wee! Nilifurahi, Karani! Nilijua Bwana yule atapanda na chuma kile na kitamwangusha, labda na mke wa mtu ndani, na bado nilifurahi!"

Kule kwenye migomba jembe lilikuwa limenyamaza.

"Miezi minane sikukuamkia," alipiga kelele, na machozi sasa yanashuka waziwazi, "ukadhani nimekukasirikia! Nani akukasirikie wewe? Niliogopa kukutazama. Nilijua uliniona. Ulikuwa hatua mbili kutoka kwangu. Uliniona nikifurahi?"

Akasogeza sikio karibu na mdomo wangu, lile la upande wa bisibisi, akafumba macho kungoja jibu.

Nami niliuona uso ule. Mpaka leo nikilala nauona.

"Sikuona kitu, Fundi!" nilimpigia kelele sikioni. "Nilikuwa natazama mizani!"

Alifumbua macho. Kisha akatikisa kichwa pole pole, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, na safari hii hakuniambia nirudie.